MAFUTA YA MBEGU NA JICHO LA MTOTO MCHANGA



Maongezi yetu ya leo yahusu jambo lililomo katika nyumba nyingi za kwetu, nalo ni mafuta ya mbegu yatiwayo machoni kuwa dawa. Na tumwazie mama aliyejifungua siku 3 zilizopita. Kope za mtoto zimevimba na kugandamana, na zikifunuliwa hutoka usaha wa manjano. Bibi mmoja aliyekuja kumtazama mzazi asema, "Mtie mafuta ya nazi, mwanangu." Wa pili asema habasoda ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Wa tatu ana mjukuu asomaye mjini, na kwa huyo amesikia kwamba mbegu za mlonge huua vijidudu vya maradhi. Wote wanena kwa mapenzi, wala hawaneni upuuzi, maana katika mbegu hizo zote wataalamu wameona kweli kitu chenye nguvu ya kupigana na vijidudu. Walakini jicho la mtoto haliwangoji wazee mpaka wapatane. Basi swali letu ni hili: kwa njia gani watu hujua kwamba mafuta fulani yafaa kutiwa jichoni, na mengine hayafai?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mtoto apitapo katika njia ya uzazi ya mama mwenye kisonono, vijidudu vya kisonono huweza kuingia machoni mwake. Aghalabu usaha huonekana kati ya siku ya 2 na ya 5. Vijidudu hivi ni vikali mno; huweza kula kile kioo cha mbele ya jicho, ambacho madaktari hukiita konea, hata kikatoboka katika muda wa siku chache, na pengine upesi zaidi. Kiko na kijidudu kingine kiitwacho klamidia, ambacho huchelewa kidogo; usaha wake huonekana aghalabu baada ya siku 5 hata juma la 2. Na vipo vingine tena vya kawaida, ambavyo hukaa katika ngozi na pua zetu bila ya kutudhuru, lakini vikiingia jichoni huleta tongo.

Zamani ugonjwa huu wa watoto wachanga uliwajaza vipofu katika shule za Ulaya. Mwaka 1880 daktari Carl Credé wa mji wa Leipzig, Ujerumani, alianza kuwatia watoto waliozaliwa katika hospitali yake tone moja la dawa itokanayo na madini ya fedha. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100, kama 10 waliugua macho. Baada ya hapo hakutimia hata mmoja. Miaka ikapita, zikaja dawa za salfa, kisha penisilini, kisha tetrasaiklini na nyinginezo. Lakini kijidudu cha kisonono ni mfano wa mwizi ajifunzaye makufuli. Kila dawa iliyotumiwa sana amejifunza kuifungua, moja baada ya moja, na zile zilizosalia za kutumainiwa si nyingi. Ndiyo maana wataalamu wa siku hizi wamegeuka kuzitazama tena mbegu na mafuta yake. Hawakufanya hivyo ili kuwafurahisha wazee wetu. Wamefanya kwa sababu ya haja.

Sasa yuko atakayesema, "Mbona mwanangu mwenyewe aliumwa macho, nikamtia mafuta, akapona?" Hatumbishii kwamba alipona. Twamwuliza jambo moja tu: je, asingalipona kama asingalitiwa kitu? Mwaka 2005 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa huko Oxford, Uingereza. Watoto 326, wa umri wa miezi 6 hata miaka 12, wote wenye macho mekundu yenye tongo, waligawanywa mafungu 2 kwa kura. Fungu moja walitiwa matone ya dawa iitwayo kloramfeniko, ambayo ni dawa ya kweli yenye kuua vijidudu. Fungu la pili walitiwa matone yaliyofanana na hayo, lakini hayakuwa na dawa ndani yake. Wala wazazi hawakuambiwa ni yapi. Ilipotimia siku ya 7, katika kila watoto 100 wa fungu la dawa, 86 walikuwa wamepona. Na katika kila 100 wa lile fungu lisilo na dawa, 83 walikuwa wamepona pia. Laiti fungu hili la pili wangalitiwa mafuta ya ufuta, watu wangalisema ufuta ni mfalme wa dawa!

Msitufahamu vibaya. Watoto hao wa Oxford hawakuwa wachanga wa siku 3, wala maradhi yao hayakuwa ya kisonono. Mtu asikae kungoja siku 7 kwa mtoto mchanga. Jaribio hili twalitaja kwa sababu moja tu: jicho lina desturi ya kujiponya katika maradhi mengi mepesi, na kwa hiyo ushahidi wa mtu mmoja aliyepona, au wa watu 20 waliopona, hautoshi kuitetea dawa.

Basi wataalamu huanza mbali na jicho kabisa. Huanza katika sahani ndogo ya kioo yenye kifuniko, ambayo ndani yake mna kitu kama uji ulioganda. Uji huo ni agari, nayo hutokana na mwani. Si ule mwani ulimwao na akina mama wa Unguja, bali ni wa aina nyingine. Na hapa na tuseme neno moja, maana wasichana wa shule hupenda kulisikia. Wataalamu wa Ujerumani walisumbuka sana kupata kitu cha kuoteshea vijidudu, kwa kuwa vile walivyotumia viliyeyuka kwa joto. Aliyewatoa katika shida hiyo mwaka 1881 alikuwa mwanamke, Bibi Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Robert Koch. Yeye alikuwa akiitumia agari jikoni kugandishia vyakula vyake, akashauri ijaribiwe. Hata leo, katika kila maabara ya dunia, vijidudu vyaoteshwa juu ya agari kwa sababu ya jiko la bibi huyo.

Juu ya agari hiyo hupakwa vijidudu vya ugonjwa, kama mtu amwagavyo mbegu za mchicha tutani. Kisha huwekwa kiduara cha karatasi kilichochovywa katika dawa, na sahani yote huwekwa mahali penye joto kama la mwili wa mtu kwa muda wa siku moja. Kesho yake vijidudu vimeota sahani nzima kama ukungu, isipokuwa pale penye dawa. Dawa ikiwa na nguvu, pembezoni mwa karatasi pataonekana duara tupu, safi, lisilo na kitu. Duara hilo hupimwa kwa rula. Kando yake hapakosi kuwa na karatasi 2 nyingine: moja yenye dawa inayojulikana kwamba huua, na moja isiyo na dawa yo yote. Pasipo hizo 2 hakuna kipimo, kama vile mizani isivyopima bila ya mawe yake.

Njia hii ni nzuri kwa dawa ziyeyukazo majini. Kwa mafuta yataka hadhari. Agari karibu yote ni maji, na mafuta hayapiti katika maji. Huweza kuwa mafuta haya yana nguvu ya kuua, lakini yamekaa palepale juu ya karatasi yasisogee, duara lisionekane; na mtu akasema, "Hayafai." Kwa hiyo mafuta huchanganywa kwanza na kitu kama sabuni kitakachoyapasua yawe matone madogo sana ndani ya maji, kama tui la nazi lilivyo. Lakini hapo pana mtego wa pili. Je, kama ni ile sabuni ndiyo iliyoua vijidudu? Basi sabuni nayo hupimwa peke yake. Baada ya hayo mchanganyiko hupunguzwa nguvu kwa kuzidishiwa maji, nusu, robo, nusu ya robo, na kuendelea, ili ijulikane ni kiasi gani kidogo kabisa kinachozuia vijidudu visiote. Tena vile visivyoota huhamishiwa katika sahani safi, ili ionekane kama vimekufa kweli au vilikuwa vimelala tu.

Habari hizi twazieleza kwa urefu kwa sababu mara nyingi hutangazwa kwamba mafuta fulani "yameua vijidudu", na msikiaji hudhani neno limekwisha. Neno ndipo linapoanza. Chumvi kali huua vijidudu; siki huua; hata sabuni ya kufulia huua. Hakuna mtu atakayetia siki katika jicho la mwanawe.

Mfano mzuri tuujuao wa kazi hii ni wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kingston, London, waliotangaza kazi yao mwaka 2017. Walitafuta dawa ya kuwakinga watoto wachanga na kisonono cha macho, na wakaitafuta katika asidi za mafuta, ambazo ndizo vipande vilivyounda mafuta ya mbegu na ya wanyama. Waliokusanya ni 37. Wakavijaribu vyote juu ya kijidudu cha kisonono, nao hawakutaka vile viuavyo polepole. Maana sahani ya kioo huipa dawa siku nzima ya kufanya kazi, lakini jicho hulia machozi, na kope hupepesa, na dawa huoshwa katika muda wa dakika chache. Katika 37 walibaki 7.

Hao 7 wakapitishwa katika chekeche la pili: je, vitaliumiza jicho? Zamani dawa za namna hii zilijaribiwa katika macho ya sungura walio hai, njia ambayo Mmarekani John Draize aliieleza mwaka 1944. Wataalamu wa Kingston walitumia njia nyingine 3. Walitwaa macho ya ng'ombe waliokwisha kuchinjwa, wakatazama kama konea itaingia ukungu. Walitwaa mayai ya kuku yenye vifaranga vichanga, wakatazama utando wenye mishipa ya damu iliyomo ndani, kama mishipa itatoka damu. Tena walitwaa chembe nyekundu za damu, wakatazama kama zitapasuka. Kisha likaja chekeche jingine, nalo twaliona kuwa la akili sana: dawa zilichanganywa na machozi yaliyotengenezwa, kwa kuwa viko vitu vyenye nguvu nyingi katika maji matupu ambavyo vikikutana na machozi hupoa. Katika 7 wakabaki 4 wenye kufanya kazi machozini. Na katika hao 4 walichaguliwa 2 waliowazidi wenzao. Mmoja waitwa monokaprini, na mwingine ni asidi ya miristoleiki.

Monokaprini hutengenezwa kwa asidi ya kapriki, ambayo imo katika mafuta ya nazi na ya kokwa za mchikichi. Asidi ya miristoleiki nayo hupatikana katika mafuta ya mbegu za miti fulani ya ukoo wa mkungumanga. Hapo yule bibi wa kwanza atasema, "Sikuwaambieni? Nazi!" Na kwa kweli ana haki ya kufurahi kidogo. Lakini na atusikilize mpaka mwisho.

Katika mafuta ya nazi tupikiayo, asidi za mafuta hazikai huru. Zimefungwa 3 kwa 3 katika shina moja la glisarini, mfano wa vidole 3 vilivyofungwa katika kiganja kimoja. Katika asidi zote za mafuta ya nazi, ile ya kapriki ni kadiri ya sehemu 6 tu katika 100. Zikiwa zimefungwa hivyo haziwezi kukidhuru kijidudu. Monokaprini ni kiganja chenye kidole kimoja tu: upande mmoja wapenda maji, upande mwingine wapenda mafuta, na kwa sababu hiyo huingia katika ngozi nyembamba ya kijidudu na kuipasua, kama sabuni ivunjavyo uchafu wa mafuta. Kwa hiyo aliyetia mafuta ya nazi jichoni hakutia monokaprini, kama vile aliyemeza punje za ngano hakula mkate. Tena kazi hiyo ya mwaka 2017 ilikuwa ya maabara tu. Hakuna mtoto aliyetiwa dawa hiyo katika jaribio hilo.

Na mlonge je? Mti huu, ambao wengine huuita mzunze, ni rafiki mkubwa wa binadamu, nasi hatuna haja ya kuusifu zaidi. Mwaka 1981 wataalamu wa Ujerumani walieleza kitu kilichomo katika mbegu zake chenye kuua vijidudu. Kitu hicho ni ndugu wa kile kinacholeta ukali katika haradali. Mwaka 1991 wataalamu wa Guatemala walitengeneza marhamu yenye mbegu za mlonge, wakawapaka panya wenye vidonda vya ngozi vilivyotiwa vijidudu vya usaha, wakaona kwamba walipona sawa na waliopakwa marhamu ya dawa iitwayo neomisini. Habari njema. Lakini tazameni walivyofanya: mbegu walizitia majini, wakatumia yale maji, wala hawakutumia mafuta. Na ngozi ya panya si jicho la mtoto.

Nguvu ya mbegu hizi kukaa majini, hata mwanafunzi wa darasa la 4 aweza kuiona kwa macho yake. Twaa mbegu chache za mlonge zilizokauka, uzimenye, uziponde ziwe unga, uukoroge katika maji kidogo, kisha uyamimine katika chupa ya maji ya tope ya mtoni. Koroga kwa haraka dakika moja, kisha polepole dakika kama 10, uache. Baada ya saa moja au 2 tope litakuwa limeshuka chini, na maji ya juu yamesafika. Akina mama wa Sudan wamekuwa wakiyasafisha hivyo maji ya mto Nile. Sasa rudia kazi hiyo kwa mashudu ya mlonge yaliyokwisha kukamuliwa mafuta. Utaona yafanya kazi ile ile. Maana kitu kinachovuta tope ni protini, nayo hubaki katika mashudu, haitoki na mafuta. Kwa hiyo mtu anunuaye chupa ya mafuta ya mlonge akidhani amenunua nguvu yote ya mbegu, nusu ya alichokitaka amekiacha kinuni. (Maji hayo ya jaribio msiyanywe bila ya kuyachemsha. Yamekuwa meupe, lakini hayakuwa salama.)

Juu ya habasoda tutasema kwa ufupi. Ile harufu yake kali ndiyo yenye nguvu, na ndani yake mna kitu kiitwacho thaimokwinoni ambacho katika sahani za kioo kimeua vijidudu vya aina nyingi. Lakini harufu ni kitu kirukacho. Chupa hii ya dukani huweza kuwa nayo nyingi, na ile ya jirani yake isiwe nayo karibu kabisa, mnunuzi hajui. Na kile kile kikali kiuacho kijidudu huweza kuliunguza jicho. Mafuta ya mwarobaini nayo tusiyaguse kabisa kwa watoto: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wadogo walionyweshwa mafuta hayo, wakatapika, wakalegea na kushikwa na degedege.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu hawalifikiri, wala si ajabu, kwa kuwa halionekani. Dawa ya jicho haina budi kuwa safi kuliko chakula. Tumbo lina asidi ya kuua vijidudu vingi tulavyo. Konea iliyokwaruzwa haina kitu. Mafuta yaliyokamuliwa kwa mkono, yakakaa katika chupa ya zamani, yakachotwa kwa unyoya wa kuku, huchukua ndani yake wageni wengi. Mtu atasema, "Basi tuyachemshe." Mafuta hayasafiki kwa mvuke kama maji, viwandani hutiwa katika joto kavu la digrii 160 kwa muda wa saa 2. Na joto hilo ndilo lifukuzalo ile harufu ya habasoda tuliyoinena. Akiyasafisha ameipoteza dawa. Akiibakiza dawa ameuacha uchafu. Wataalamu wanayo njia ya kutoka katika fumbo hili, lakini haimo jikoni.

Madhara yake si ya kuwaza tu. Mwaka 1994 madaktari wawili waliandika habari za wagonjwa 103 wa Tanzania waliokuwa na vidonda katika konea, na kwa robo yao kidonda kilihusiana na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni.

Wala kosa hili si la Waafrika peke yao. Zipo zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto wa pwani na bara hutungia shanga. Huko Brazil watu walikuwa wakizitia majini na kuyatumia maji hayo kwa macho yenye vikope, yaani ugonjwa uitwao trakoma. Mwaka 1882 daktari mkubwa wa macho wa Paris, Louis de Wecker, aliyatangaza maji hayo Ulaya. Yalifanya jicho livimbe vibaya na kutoa usaha, na wazo lilikuwa kwamba uvimbe ukiisha utaondoka pamoja na vikope. Wengine walipata nafuu. Wengine konea zao ziliharibika, wakatoka na macho mabaya kuliko waliyoingia nayo. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba ni kijidudu kilichomo katika maji hayo. Baadaye ikaonekana ni sumu ya mbegu yenyewe, iitwayo abrini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa za mimea. Dawa hiyo ikaachwa. Twawahurumia waliotangulia, maana daktari huyo alikuwa mtu wa elimu, na watu wa Brazil walikuwa na ushahidi wao wa waliopona. Lakini jaribio la kweli lilifanywa katika macho ya wagonjwa badala ya kufanywa kabla yao.

Mbegu iliyobahatika ni mbono. Mafuta yake yaliyosafishwa sana viwandani hutiwa katika matone fulani ya macho hata leo. Lakini kazi yake humo ni ya kuichukua dawa na kuulainisha uso wa jicho; ni punda wa mzigo, si askari. Na mafuta ya mbono ya dukani, yanywewayo kwa kuharisha, si hayo.

Dawa ikipita machekeche yote, husalia lile la mwisho, nalo ni watu. Mfano wake hauko mbali. Huko Kikuyu, nchi ya Kenya, watoto wachanga 3,117 walitiwa dawa machoni walipozaliwa: wengine ile ya fedha ya Credé, wengine marhamu ya erithromaisini, na wengine matone ya hudhurungi ya povidoni-aidini. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Waliopata ugonjwa wa macho wa vijidudu walikuwa 17.5 katika kila 100 kwa ile ya fedha, 15.2 kwa erithromaisini, na 13.1 kwa povidoni-aidini. Matone hayo ya hudhurungi ndiyo yaliyokuwa rahisi kwa bei. Tena yalikuwa na faida moja ambayo twaipenda: rangi yake hukaa kidogo katika jicho, hata mkunga mkuu apitapo ajue ni mtoto gani ametiwa na ni yupi amesahauliwa. Mafuta yo yote ya mbegu yatakayotaka cheo cha dawa ya macho hayana budi kusimama katika safu kama hiyo, watoto kwa maelfu, na hesabu mbele ya watu wote. Mpaka sasa hakuna mafuta ya mbegu katika orodha ya Shirika la Afya la Ulimwengu ya dawa za kuua vijidudu vya macho. Walimo tetrasaiklini, azithromaisini, erithromaisini na wenzao wachache.

Na kwa vikope, maji yamewashinda mafuta. Katika vijiji vya Kongwa, Tanzania, watu walipewa marhamu ya tetrasaiklini. Na katika baadhi ya vijiji hivyo watu walifundishwa pia kuwaosha watoto nyuso. Habari zilizotangazwa mwaka 1995 zilionyesha kwamba penye uoshaji wa nyuso vikope vikali vilipungua zaidi.

Kwa hiyo mtoto mchanga akionekana ana usaha machoni katika mwezi wake wa kwanza, afutwe kwa pamba safi iliyochovywa katika maji yaliyochemshwa na kupoa, jicho moja kwa pamba moja, kutoka upande wa pua kwenda nje. Naye mwenye kufuta anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, na asiyaguse macho yake mwenyewe, maana usaha huo huambukiza hata watu wazima. Asitiwe mafuta, wala maziwa ya mama, wala kitu kingine cho chote. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, hata kama jicho moja tu ndilo lililovimba. Huko atapigwa sindano au kupewa dawa ya kunywa kwa kadiri ya ugonjwa wake, kwa kuwa kisonono na klamidia za mtoto haziponi kwa dawa ya juu peke yake. Mama naye na atibiwe siku hiyo, na baba asibaki nyumbani: ugonjwa wa mtoto ulitoka kwao, na asipotibiwa mmoja wao utarudi kwa mwenzake.